Ziara ya kikundi China: tutauona utamaduni, au tutazungushwa madukani?

Swali: Mimi ni mfanyabiashara wa Kariakoo. Huwa naenda Guangzhou kufunga mzigo, lakini China ninayoijua ni hoteli, masoko ya jumla na ofisi ya kusafirisha kontena. Oktoba hii nakwenda na mama yangu mzazi, ana miaka 64 na magoti yanamsumbua kidogo. Nikimaliza shughuli nataka tujiunge na ziara ya kikundi yenye mwongozaji, tuone utamaduni wa asili wa Wachina. Nimeletewa ratiba ya siku tisa na miji sita: Beijing, Xi'an, Shanghai, Suzhou, Wuxi na Hangzhou. Bei yake ni nafuu kuliko zote nilizoziona. Ndani kuna "kituo cha hariri", "kituo cha jedi" (jiwe la thamani), "kituo cha lulu" na "taasisi ya tiba asilia". Sisi ni Waislamu. Je, kwa ratiba hii tutauona utamaduni kweli?

Jibu: Dada yangu, kwa ratiba hiyo mtauona kidogo sana. Tatizo si kikundi. Kwa mtu asiyejua Kichina, tena anayesafiri na mzazi, ziara ya kikundi ni njia nzuri, na nitakueleza kwa nini. Tatizo ni miji sita ndani ya siku tisa, na hiyo bei.

Tuanze na miji. Kila mkihama mji, nusu siku imekwenda: kufunga mabegi, kusubiri wenzenu wateremke, basi hadi stesheni, ukaguzi wa mizigo, treni, basi tena, kisha foleni ya kupokea vyumba. Hamia mara tano, halafu ondoa siku ya kufika na siku ya kuondoka, uone kinachobaki. Kinachobaki chenyewe kinaliwa na vile vituo vinne. Hamtapata saa hata moja ya kukaa mahali mkatazama watu wanavyoishi, na utamaduni uko kwa watu. Jengo ni ganda lake tu.

Sasa bei. Wewe ni mfanyabiashara, hesabu hii utaielewa upesi. Ukijumlisha hoteli, treni, viingilio, chakula na ujira wa mwongozaji, halafu ukaona mtu anakuuzia vyote kwa chini ya gharama, jua kuna mwingine anayelipa tofauti hiyo. Hapo anayelipa ni duka. Kikundi kinaingizwa, milango inafungwa kwa saa nzima au zaidi, na kamisheni ya mauzo ndiyo inayofidia. Kwenye hiyo "taasisi ya tiba asilia" mtapewa maji ya moto ya kuloweka miguu, atakuja mtu wa koti jeupe amshike mama mshipa wa mkono, amwambie figo zake ni dhaifu, kisha aandike dawa za kwenda nazo nyumbani kwa pesa ambayo ungenunulia bidhaa za maana. Tiba ya Kichina ni elimu kubwa yenye karne nyingi nyuma yake, na akupancha, tiba ya kuchomwa sindano nyembamba, imo kwenye orodha ya urithi wa UNESCO tangu 2010. Inaniuma kuona watu wanaondoka China wakidhani tiba hiyo ni ule uuzaji wa dakika ishirini.

China yenyewe iliutungia sheria mchezo huu. Sheria ya Utalii iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2013 inakataza kampuni kuvuta wateja kwa bei isiyo ya kawaida kisha kujilipa kwa kamisheni za maduka, na inakataza kuwapeleka kwenye duka maalumu bila makubaliano nao. Kwa hiyo usione haya. Mwambie wakala akuandikie kwenye mkataba kwamba hakuna kituo cha manunuzi. Akikujibu kwamba hivyo ni "vituo vya utamaduni", muulize swali moja: mteja ambaye hataki kuingia anaruhusiwa kubaki nje? Jibu lake litakuonyesha hali halisi. Bei itapanda, na hiyo ndiyo bei ya kweli.

Ningekuwa mimi, ningefuta Shanghai, Suzhou, Wuxi na Hangzhou. Si kwamba hazifai. Bustani za Suzhou ni za kukaa kutwa nzima, na Hangzhou inapendeza zaidi majira ya kuchuma chai, karibu na mwezi wa nne. Lakini kwa safari hii shikeni Beijing usiku nne na Xi'an usiku tatu, mkipanda treni ya mwendo kasi katikati. Na kabla ya hapo kuna Guangzhou, ambako tayari mtakuwepo.

Guangzhou hiyo unayoijua kwa masoko ina mambo ambayo huenda hujayapita karibu. Liko jumba la ukoo wa Chen, lililomalizika mwaka 1894, ambalo familia za ukoo mmoja zilichangia kulijenga ili vijana wao waje mjini kujiandaa na mitihani ya serikali. Simama uani uinue macho: mgongo wa paa lote umejaa sanamu ndogo za udongo uliochomwa na kupakwa rangi, mashujaa, majenerali, mabibi, wanyama, hadithi nzima juu ya vigae. Upo pia msikiti wa Huaisheng, miongoni mwa mikongwe kabisa nchini China, wenye mnara mweupe laini wa mita 36 hivi ambao zamani ulisaidia manahodha wa Mto Lulu kujua wamefika. Swalini hapo Ijumaa mtakutana na Wachina, Waarabu, Wasomali na Watanzania wenzenu.

Na asubuhi moja, kabla ya sokoni, mpeleke mama kwenye nyumba ya chai ya wenyeji. Wazee wa Guangzhou hukaa hapo na magazeti na soga kwa saa mbili bila mtu kuwafukuza. Vitafunwa vingi vina nguruwe, kwa hiyo ninyi shikeni chai tu na matunda. Angalia vidole vyao: mtu akimiminiwa chai, anagonga meza taratibu kwa vidole viwili. Ni kushukuru bila kukatiza maongezi. Birika likiisha maji hawaiti mhudumu, wanasogeza kifuniko kikae upande, naye atakuja. Fanyeni hivyohivyo, mtaona meza ya jirani inavyochangamka.

Tukija Beijing, ratiba yako inaanza na Kasri la Kifalme. Ni sawa, ila lipeni nafasi. Lilijengwa kati ya 1406 na 1420 kwa amri ya mfalme Yongle, na kutoka lango la kusini hadi la kaskazini ni karibu kilomita moja kwa miguu. Vikundi vingi hunyoosha katikati, vikipita kumbi tatu kubwa na kutokea nyuma bila kuona kingine. Mwombeni mwongozaji akate upande wa magharibi, kwenye ukumbi wa Wuying, ambako kuna maonyesho ya vyombo vya kauri. Ninalisisitiza hili kwa sababu ni letu pia. Kauri za China zimefukuliwa Kilwa na Gede, na pale Kunduchi, karibu kabisa na nyumbani kwenu, mabakuli ya Kichina yalipachikwa kwenye nguzo za makaburi ya kale. Yongle huyohuyo ndiye aliyetuma meli za Zheng He, amiri aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu huko Yunnan, na mwaka 1415 ujumbe wa Malindi ulimpelekea mfalme huyo twiga. Wachina walimwona kuwa ni *qilin*, mnyama wa heri wa hadithi zao. Mwambieni mwongozaji kwamba mnatoka pwani hiyo. Wengi wao wanaijua habari ya twiga, na mazungumzo yatabadilika.

Jambo dogo la adabu: kwenye kasri na mahekalu yote, vizingiti vya milango viko juu. Vukeni, msivikanyage. Mama ashikwe mkono hapo.

Sasa sehemu ambayo nakuomba uipiganie kuliko zote: asubuhi ya Hekalu la Mbingu. Ratiba nyingi huliweka saa nane mchana, kwa muda wa dakika arobaini tu, picha, basi. Ombeni mfike saa moja na nusu asubuhi, na mkae hapo kwa muda wa saa tatu. Jengo lenyewe linastahili: ukumbi wa kuombea mavuno mema una paa la ngazi tatu la vigae vya buluu, umesimama kwa mbao zilizounganishwa bila misumari, na ndani zipo nguzo 28. Nne za katikati ni majira ya mwaka, kumi na mbili zinazofuata ni miezi, kumi na mbili za nje ni vipindi kumi na viwili ambavyo Wachina wa kale waliigawa siku. Mfalme alikuja hapa kuomba kwa niaba ya nchi nzima, maana mavuno yakiharibika, lawama ilikuwa yake.

Lakini mlichofuata kiko bustanini, chini ya ile miti mirefu ya miberoshi. Asubuhi wastaafu wa Beijing huja hapo. Wengine wanafanya taiji, mwendo wa polepole ambao ukiujaribu utagundua mapaja yanawaka moto. Wengine wanacheza karata, wanaimba kwa kwaya, wanapiga fidla ya nyuzi mbili, wanarushiana kwa mguu kile kishada cha manyoya kiitwacho *jianzi*. Na mara nyingi yuko mzee mwenye brashi ndefu kama ufagio, ncha yake ya sponji. Anachovya kwenye maji matupu, anaandika sakafuni. Mtazameni mkono. Hauburuzi. Brashi inashuka, inasimama kidogo kama mtu anayevuta pumzi, kisha inakwenda na kugeuka, mkia wa herufi unachomoka mwembamba. Akifika mstari wa nne, wa kwanza umeshaanza kukauka. Dakika chache baadaye sakafu ni tupu, naye anaanza upya. Haandiki ili abaki na kitu, anaufundisha mkono wake na kuutuliza moyo wake. Sanaa hii ya kuandika kwa brashi imo UNESCO tangu 2009, lakini sijui ukumbi wa makumbusho unaoieleza vizuri kama mzee huyo na ndoo yake.

Hapa ndipo ziara ya kikundi inapoonyesha faida yake. Ungekuwa peke yako ungepiga picha ukaondoka. Ukiwa na mwongozaji mzuri, atamsalimia mzee kwa heshima, atamwambia mmetoka Tanzania, na mara nyingi mzee atampa mama brashi. Kwa hiyo unapochagua kampuni, usiulize kwanza nyota za hoteli. Uliza kuhusu mwongozaji: ana kitambulisho rasmi cha kazi hiyo? Anazungumza Kiingereza cha kueleweka, au wanaye wa Kiswahili? Wapo Wachina waliosoma Kiswahili chuo kikuu Beijing, ingawa si rahisi kuwapata. Uliza pia kikundi ni cha watu wangapi. Wakiwa arobaini nyuma ya bendera moja na vipokea sauti masikioni, hakuna atakayekutambulisha kwa mzee yeyote. Wakiwa kumi na wawili au kumi na sita, inawezekana.

Ukuta Mkuu: chagua sehemu ya Mutianyu badala ya Badaling, kwa sababu msongamano ni mdogo, na lifti ya kamba ya kumpandisha mama hadi juu ipo. Sina zaidi, utaupenda wenyewe.

Xi'an ndiko ninakotamani mfike mkiwa na nguvu. Askari wa udongo, sanamu za ukubwa wa mtu, wako nje ya mji, kama kilomita 40 mashariki, na wakulima waliwagundua mwaka 1974 wakichimba kisima. Walizikwa kulinda kaburi la Qin Shi Huang, aliyeiunganisha China mwaka 221 kabla ya Kristo. Nendeni asubuhi, mkaangalie nyuso, maana kila mmoja ana sura yake. Mkimaliza, msikubali kupelekwa "kiwandani" wanakouza vinyago vyao. Rudini mjini.

Mjini, nyuma ya Mnara wa Ngoma, kuna mtaa wa Waislamu wa Hui, na ndani ya vichochoro vyake uko Msikiti Mkuu. Mapokeo yanasema ulianzishwa mwaka 742. Majengo mengi mnayoyaona ni ya tangu enzi ya Ming, mwaka 1392 na baadaye. Hakuna kuba. Mnaingia lango la mbao lenye paa la kupinda, ua baada ya ua, mawaridi, nguzo za mawe zenye maandishi, na mnara wenyewe ni kama pagoda ndogo ya ghorofa mbili. Mtadhani ni hekalu, hadi mtakapogundua jambo moja: mahekalu na makasri ya China hutazama kusini, ila huu umelazwa mashariki kwenda magharibi, kwa sababu kibla chao kiko magharibi. Watalii wasio Waislamu huishia mlangoni mwa ukumbi wa swala. Ninyi waelezeni kwamba ni Waislamu, na mwulize wanawake wanaswalia wapi; ndani ya ukumbi kuna aya za Qurani zilizochongwa kwenye mbao za ukutani. Pangeni mfike Adhuhuri au Alasiri, na mwambieni mwongozaji mapema ili kikundi kiwasubiri mswali bila haraka. Wazee wa hapo watawajibu salamu yenu.

Kisha kuleni *yangrou paomo* palepale mtaani. Mtaletewa bakuli tupu na mikate miwili mikavu, migumu. Hiyo si dharau. Kazi ya kwanza ni yenu: kuivunja kwa vidole vipande vidogo, vya ukubwa wa punje ya soya. Wenyeji hutumia nusu saa kwa kazi hiyo, na ndiyo saa ya maongezi ya familia. Ukivunja vipande vikubwa, mchuzi hautaingia, na mpishi atajua wewe ni mgeni. Ukimaliza, bakuli linachukuliwa na namba yake jikoni, linarudi na mchuzi wa kondoo uliochemka muda mrefu, nyama na tambi nyembamba. Pembeni kuna kitunguu saumu kilicholowekwa kwenye sukari na siki, na pilipili. Kuleni kuanzia ukingoni, msikoroge. Kama kampuni imewapangia "karamu ya enzi ya Tang yenye dansi" usiku uleule, mimi ningeiacha. Badala yake teremkeni bustani iliyo chini ya ukuta wa mji, ambako vikundi vya wenyeji hukutana kuimba Qinqiang, opera yao ya asili, kwa sauti kali za kifuani. Hawaimbii watalii, wanaimbiana wao kwa wao.

Umesikia pengine kuhusu kukodi mavazi ya kale na kupiga picha. Watu wengine huyabeza, mimi hapana. Vijana wa Kichina wenyewe siku hizi huyavaa mitaani kwa wingi, na Xi'an utawakuta kila kona jioni. Ukitaka kumvalisha mama, mvalishe.

Kwa upande wa chakula, msiridhike na jibu la "hatutawapa nguruwe". Mboga zenyewe huweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Sema tangu kwenye mkataba kwamba mnataka migahawa ya *qingzhen*, yaani ya Kiislamu. Alama yake ni 清真, na mara nyingi neno halali limeandikwa kwa Kiarabu pembeni. Xi'an hakuna shida, na Beijing ipo mingi mtaa wa Niujie, penye msikiti mwingine mkongwe. Kama kuna somo la kutengeneza *jiaozi*, vile vitumbua vya unga vya kuchemsha, waombe wajazie kondoo, au yai na majani ya vitunguu. Mezani vyakula huwekwa katikati kwenye duara linalozunguka na kila mtu huchota; msichomeke vijiti wima kwenye wali, maana ndivyo ubani unavyochomekwa kwa ajili ya marehemu.

Watu watataka kupiga picha nanyi, hasa wageni wa mikoani wanaotembelea Beijing. Mkiona imezidi, kataeni kwa mkono na tabasamu. Mkikubali, ombeni na ninyi jambo: "tufundisheni hicho kishada." Ila kijana asiyejulikana akiwaalika barabarani kwenda "kunywa chai ya jadi" au kuona "maonyesho ya wanafunzi wa sanaa", endeleeni na safari yenu. Bili inayofuata ni kubwa, na mlangoni anasimama mtu wa kuwazuia msitoke bila kulipa.

La mwisho ni tarehe. Kuanzia 1 Oktoba, kwa takriban wiki nzima, China yote iko likizoni, na Ukuta Mkuu siku hizo ni msongamano mtupu. Maonyesho ya biashara ya Guangzhou ya msimu wa vuli huanza tarehe 15, kwa hiyo maliza biashara kwanza, kisha ziara iangukie mwisho wa mwezi. Beijing itakuwa na baridi ya asubuhi, mama apate koti na viatu vya kutembelea. Ukiomba viza, waeleze ubalozini kwamba safari ni ya biashara na utalii, uulize ipi inawafaa. Kasri la Kifalme hufungwa Jumatatu, na tiketi zake hukatwa mapema kwa namba ya pasipoti. Mpe wakala majina kama yalivyoandikwa humo, na siku hiyo mbebe pasipoti zenyewe, nakala haikubaliki langoni.